Sura ya Bora

Madeleine alifunika ukurasa kwa kiganja, ingawa mtu aliyeketi mbele yake alikuwa kipofu tangu kuzaliwa.

"Umemaliza sura?" Papa Honoré aliuliza.

"Bado kidogo," alijibu, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Sura ilikuwa imekwisha. Ila haikuwa ya Bora.

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi, kila mwenye mtoto alimjua Honoré, mtu wa Uvira aliyetunga vitabu vya picha bila kuona picha hata moja maishani. Yeye alitunga kwa mdomo. Madeleine, jirani yake kutoka Rumonge, aliandika na kuchora kwenye karatasi za stensili. Parokia moja ya Lilongwe ilitoa nakala kwa mashine yao ya kuzungusha kwa mkono, na vitabu vikaenda kwa watoto wa shule ya Jumapili, kutoka Madisi mpaka Kawale. Nyumba za hao wawili zilitenganishwa na karatasi ya plastiki tu, na mmoja akikohoa huku mwenzake alimpa pole kule.

Kabla ya kitabu cha kwanza, Honoré alikuwa amemweleza shida yake. Binti yake Bora alimpotea njiani wakikimbia. Alitaka kila kitabu kiwe na msichana yule yule, ili siku moja mtu amwone na kusema, huyu mimi namjua.

Madeleine alimuuliza mtoto ana sura gani.

"Mi namujua na mikono tu, na mikono haisemi," Honoré alijibu. "Paji pana, mashavu ya kitoto. We chora mutoto mwenye unaweza kujua katikati ya batoto bote. Na umuwekee alama."

Madeleine alijaribu. Mungu ni shahidi wake, alijaribu. Alichora paji pana, akafuta, akachora tena. Lakini mkono wake ulijua uso mmoja tu, nao ukauchora bila kuomba ruhusa: meno ya mbele yaliyoachana, na kovu la kidevuni la mtoto aliyewahi kuangukia mbabula yenye makaa.

Huyo alikuwa Fidès, binti yake mwenyewe. Walipotezana siku walipoikimbia Rumonge, na waliokuja nyuma walisema gari lililowapakia watoto halikufika popote. Madeleine alinyoa nywele, akalia, akamaliza matanga bila mwili wa kuzika. Mama yake alimfundisha kwamba aliyekwisha kuliliwa matanga haitwi tena, maana kumwita ni kumsumbua. Kwa hiyo karani wa watoto waliopotea alipopita nyumba kwa nyumba, Madeleine alimwambia kwamba yeye hana wa kutafuta.

Vitabu vikafuatana. Kila lori la kutoka Lilongwe lilipoingia kambini, Honoré alijikongoja na fimbo yake mpaka barabarani, akamuuliza dereva kama kuna mtu yeyote aliyeulizia yule mtoto wa kitabuni. Dereva alisema hapana. Honoré alimshukuru kwa zikomo ya wenyeji, akarudi polepole. Madeleine alimtazama kutoka mlangoni na dhamiri ikamsuta. Alikuwa mwizi, na hakuwa na jina lingine la kujiita. Mzee wa watu anangoja mwanawe atambulike, kumbe yeye amesambaza uso wa marehemu. Aliapa atakiri kitabu hiki kikiisha. Kikaisha, akaapa tena juu ya kingine.

Halafu akaja katekista wa Kawale. Alisema kuna msichana anayelelewa na Mrundi mmoja muuza vitenge. Amekiona kitabu, akaweka kidole juu ya picha, akasema ni yeye. Tangu hapo analia na hataki kukiachia.

Honoré alivaa koti lake la kanisani. Alimwomba Madeleine waende pamoja.

"Ni we mwenye unajua sura," alisema.

Njia nzima, nyuma ya pikapu, Madeleine alifumbua kinywa aseme, akakifumba. Ni mtoto gani huyo, alijiuliza, mwenye kiu ya mzazi kiasi cha kujiona katika picha isiyo yake? Na Honoré atampapasa usoni, atajua si Bora, na moyo wake utavunjika mara ya pili kwa ajili ya uongo wa jirani.

Walipofika Kawale, Honoré alisimama langoni. Alidai miguu imemwisha nguvu, akamsukuma kidogo begani atangulie yeye. Madeleine aliingia uani.

Msichana alitoka jikoni. Alikuwa amerefuka, gauni limekuwa fupi kwake. Kovu lilikuwa pale pale kidevuni.

"Mama," alisema.

Madeleine hakumbuki alivyofika chini. Alimshika mtoto, akamnusa kichwani, akapitisha kidole juu ya lile kovu, akalia mpaka majirani wakajaa uani. Alipoinua macho, alimwona Honoré bado yuko langoni, peke yake, ameegemea fimbo, na furaha ikamgeukia kuwa mwiba.

Alimwendea kwa magoti.

"Papa Honoré, unisamehe. Bora sikumuchora hata siku moja. Nilichora wangu. Nimemunyang'anya mutoto wako nafasi yake. Tuanze upya, leo leo. Niambie tena vile alikuwa, mi nimuchore yeye."

Honoré aliinama, akamtafuta bega, akamwinua.

"Ukuta yetu ni ya plastiki, Mama Madeleine. Kila usiku ulikuwa unaita Fidès katika usingizi," alisema. "Na karani ulimuambia hauna wa kutafuta. Mi sijazaa mutoto hata moja."