Nguchiro Aliyetafuna Kijiti cha Reli

Wabishi wabishe, ilikuwa hivi. Wanyama walikuwa na reli moja, na treni haikuondoka bila dereva kushika kijiti cha njia, nacho kilikuwa kimoja. Kikishuka bondeni asubuhi, mlimani walikingoja hadi jioni, mchicha wa Bi Kanga ukinyauka stesheni.

Nguchiro, aliyeacha shule darasa la tatu, akamcheka mkuu wa stesheni. “Mzee Kiboko, mwili wote huo unatawaliwa na kijiti? Nipe siku saba, treni zitakuwa maradufu. Nikishindwa, kata mkia wangu ufagilie ofisi.”

“Uage mkia huo kabisa,” Kiboko akasema, akinoa panga. “Reli moja, watagongana pua.”

Katikati ya njia Nguchiro akatandika reli fupi ya kupishania. Siku ya saba akakitafuna kijiti katikati, kikawa vipande viwili, kila kimoja cha nusu ya njia. Kiboko nusura azimie.

Dereva Punda akatoka mlimani na kipande kimoja, dereva Nyumbu akatoka bondeni na kingine. Walipokutana, Nyumbu akaingia reli ile fupi, wakabadilishana vipande, kila mtu akaendelea zake. Honi zikalia kotekote.

Bi Kanga akapiga vigelegele, mchicha ungali mbichi. Kiboko akaangusha panga.

“Liokote, mzee,” Nguchiro akasema. “Utuchongee vijiti vingine.”

Kisha akairuhusu treni iliyofuata kwa kuipungia mkia uleule.