Tone Mdomoni mwa Nozeli

Nyamizi alifunga nozeli kuukuu, ile ya kupulizia dizeli ndani ya injini, kwenye pampu ya kupimia, akasema "Bismillahi," akabonyeza. Dizeli ikatoka ukungu safi. Kisha tone moja likaning'inia mdomoni.

"Dada, si ndiyo pekee iliyobaki dukani? Nipe hivyo hivyo," dereva alisihi. "Nyanya zangu zinaoza kwenye lori."

"Inavuja. Itakuunguzia pistoni mlimani, kaka. Utanilaani huko."

Akaiponda kwa nyundo, asije mwingine akaiuza. Akatoka nje, akafungua nozeli ya gari lake mwenyewe, lenye injini kama ya lori lile, akarudi nayo kwenye pampu.

"Hiyo si inafanya kazi kila siku? Unaipimia nini?" dereva aliuliza.

"Kwani yangu ni malaika?"

Akashika mkono wa pampu.

"Bismillahi," safari hii walisema wote wawili.