Kikasha Kwenye Mwimo

Tirza alikuwa amekwisha kufunga vyombo vyote. Kilichosalia ni mezuza, kikasha chenye maandiko ya Torati, ambacho marehemu mumewe alikikaza kwenye mwimo wa mlango walipohamia kitongoji hiki cha Wayahudi, juu ya kilima. Mahakama iliamuru wote waondoke kabla ya adhuhuri, mpaka ijulikane ardhi ni ya nani.

“Fanya hima, mama,” alisema karani wa mahakama. “Dereva wa lori hana subira kama yangu.”

“Subira hiyo umeianza leo, mwanangu? Niambie, nani ataingia humu baada yangu?”

Desturi yao ilikuwa wazi: akija Myahudi, mezuza huachwa, akija mwingine, huondolewa.

“Ninyi mnasema ni kwenu. Wale Waarabu wa bondeni wana hati ya babu yao. Mahakama bado haijaamua.”

“Basi na hiki nikifanyeje?”

Karani alizipekua karatasi zake, moja baada ya nyingine. “Hilo hawakuliandika, mama.”

Tirza aliifungua skrubu ya chini, akaitia mfukoni. Akaigusa ya juu kwa ncha ya bisibisi. Honi ya lori ikalia. Kikasha kikalala upande, kikining’inia, na mkono wake ukabaki palepale.