Marinda ya Waya

Kichwa cha Salvator kilipochomoza juu ya ua wa minyaa, Nasiri alinyakua mkeka, akaifunika mashine yake, kisha akaikalia.

"Mwaramutse, fundi," Salvator alisema kwa sauti yake ya chini. "Ile kazi iko namna gani?"

"Inakwenda."

"Itaisha mbele ya Jumamosi?"

Nasiri aliuvuta mkeka ufunike vizuri. Jumamosi ndiyo siku aliyotakiwa kukabidhi paneli kumi na nane za uzio, na hakuwa amemwambia mtu ila mkewe. "Itaisha," alijibu kwa mkato. Salvator alitupa macho huku na huku, akachungulia hadi ndani ya kibanda cha ushonaji, akashukuru, akavuka barabara kurudi kwenye karakana yake ya kuchomelea vyuma.

"Mpelelezi," Nasiri alinong'ona.

Kwa miaka ishirini Nasiri alikuwa fundi cherehani hapo Gikondo. Lakini mwaka huo wa 1991 kila mtu alivaa mitumba, na mwezi mzima sasa cherehani yake ilikuwa imefunikwa shuka. Kwa upande mwingine, tangu vita vifunge mpaka wa Gatuna, paneli za uzio zilizozoeleka kutoka Kampala zilikuwa zimeadimika. Mwalimu Béatha, mkuu wa shule ya chekechea pale mteremkoni, alijaribu kuzungushia bustani ya watoto wavu wa waya mtupu. Ukalegea kama shuka iliyoloa, na mbuzi wa jirani wakala mchicha mpaka mizizi.

Nasiri aliutazama waya ule kwa jicho la ushonaji. "Mwalimu, kitambaa chepesi hakisimami bila marinda," alimwambia. "Huu nao unataka marinda."

Béatha alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampa kazi. Ikiwa nzuri, alisema, parokia ina shule nyingine tatu.

Ndipo Nasiri alipoanza kuunda mashine. Alichukua ubao mnene wa mkaratusi, akaupigilia safu mbili za bolti za lori alizookota kwenye gereji. Juu yake akafunga chuma cha pembe kwa bawaba mbili za mlango, na kwenye chuma akatia bomba refu la maji liwe mpini. Unalaza wavu kati ya bolti, unavuta bomba, na waya unajikunja rinda moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofanikiwa kukunja rinda la kwanza, alimwita mkewe kutoka jikoni aje kuona. Alikuwa hajafurahi hivyo tangu siku aliyonunua cherehani.

Shida ilikuwa moja tu. Kila akiachia mpini, rinda lilifunguka kidogo, na paneli ikabaki legelege.

Jumanne Salvator alirudi. Mara hii pia Nasiri aliwahi kufunika mashine, ila paneli mbovu ilikuwa imeegemea ukuta. Mchomeleaji aliigusa kwa kidole.

"Waya inarudi nyuma, fundi. Pinda kupita pale unapotaka. Itarudi yenyewe mpaka pale."

Alipoondoka, Nasiri alijaribu kwenye kipande kilichobaki. Rinda lilikaa wima, gumu kama ukingo wa sahani. Alifurahi, halafu akaudhika kwa kufurahi. Bila shaka mtu yule alitaka mashine itengemae kwanza ndipo aiibe. Mwenye vyuma na umeme angeiiga kwa mchana mmoja, na shule zile tatu zingekuwa zake.

"Si umpe hata kiti," mkewe alimwambia. "Mtu wa watu anakuja kila siku, anasimama juani."

"Akikaa ataona."

Alhamisi Salvator alikuja tena. Alijishika mkanda, akaukaza tundu moja.

"Nimepungua kidogo hapa tumboni," alisema. "Sijui kama umeona."

"Pole," Nasiri alijibu. Wivu humkondesha mtu, aliwaza, akasogea vizuri juu ya mkeka.

"Basi tuonane Jumamosi, fundi. Usinisahau."

"Nikusahau vipi, na kila siku uko hapa?"

Ijumaa jioni paneli kumi na nane zilikuwa tayari. Asubuhi ya Jumamosi alizishusha mteremkoni kwa mkokoteni, na kufikia saa nne paneli ya mwisho ilikuwa imefungwa kwenye nguzo yake. Béatha aliegemea uzio kwa uzito wake wote. Haukuyumba. Beberu wa jirani alikuja, akausukuma kwa pembe mara mbili, akaukodolea macho, akaenda zake. Watoto walipiga makofi.

"Fundi," Béatha alisema, "zile shule tatu ni zako."

Nasiri alikuwa bado anamshukuru wakati Peugeot iliyofungwa riboni nyeupe iliposhuka ikipiga honi, ikasimama mbele ya lango. Salvator aliruka nje. Alikuwa na shati jeupe, tai, viatu vinavyong'aa, na suruali yake ya kazi iliyotobolewa na cheche za moto.

Nasiri alitanua mikono mbele ya uzio. "Umechelewa, bwana. Kazi nimeshaikabidhi."

Salvator alibaki ameshika mlango wa gari. "Umeikabidhi?" aliuliza polepole. "Fundi, bibi harusi amefika kanisani. Suti yangu uliyonipima miezi miwili nyuma umempa nani?"