Baba Imefika

Minofu ya sato ilikuwa imeanza kuchachatika kwenye kikaango Maka, mama mkwe wa Ruqiya, alipopiga simu kutoka sokoni.

"Ruqiya! Baba imefika na basi ya Lamu. Naleta nyumbani sasa hifi. Hiyo unabika, acha kwanza."

Mwiko ukamponyoka Ruqiya.

"Baba, Hooyo? Una hakika?" akauliza, akimwita mama kwa Kisomali kama alivyozoeshwa.

"Wallahi, nimeona na macho yangu. Ngumu sana! Lakini wewe utalainisha." Simu ikakatika.

Tangu aolewe hapa Garissa bila ridhaa ya baba yake aliye Lamu, Ruqiya aliishi na kiapo cha mzee kimemkaa kooni kama mwiba: siku nitakapokanyaga huko, narudi na binti yangu. Na mzee hakuwa mtu wa kutania.

Akakimbilia geti. Kufuli. Mama mkwe wake hulifunga kila atokapo, na ufunguo huutia kifuani. Akampigia mumewe, Shuaib, aliyekuwa amefuata mbuzi Hulugho na lori lake. Hapatikani. Ukuta nao ulikuwa mrefu, juu yake vigae vya chupa. Alikuwa amenaswa, na aliyemtega ni Maka.

Mbona ashangae? Maka hakuwahi kuficha kwamba samaki humtia kichefuchefu. Nyumba hii ni ya watu wa mbuzi na ngamia. Ruqiya hukaanga samaki wake Maka akiwa hayupo, kisha hufungua madirisha yote. Juzi tu mama huyo alimkuta akilia jikoni kwa hamu ya kwao. Hakumwambia pole. Aliguna, akaenda kunong'ona na Shuaib kwenye simu. Kumbe walikuwa wanapanga haya!

Harufu ya kuungua ikamzindua. Akarudi jikoni, akapunguza moto, akaigeuza minofu polepole isivunjike, akaikamulia ndimu. Kama ni kuchukuliwa, basi mzee ale kwanza. Akishiba samaki, huwa anasikiliza. Akayapanga maneno yake: nampenda Shuaib, sirudi. Akayarudia tena na tena.

Kufuli ikalia.

Maka aliingia peke yake. Pua ameiziba kwa mtandio, na mkononi ameshika furushi la gazeti kwa ncha za vidole, akiliweka mbali na mwili.

"Baba yuko wapi?" Ruqiya akauliza, akichungulia nyuma yake.

"Si hii? Shuaib alisema ndiyo unalilia."

Maka akalitupa furushi mezani. Gazeti likapasuka, ukachomoza mkia mkavu wa papa, mweupe kwa chumvi.

"Haya, bika," akasema, pua ingali imezibwa.