Rula ya Muuguzi Mkuu

Selina hakuogopa kitu siku ya kuhojiwa kazi ya uuguzi kwenye zahanati ya Kariakoo. Alifika tu kabla mlango haujafunguliwa. Alishaonywa mtaani: ukimsema vibaya aliyekufundisha, kazi huipati.

"Ndugu, nani alikufundisha kazi?" aliuliza muuguzi mkuu, mama wa makamo.

"Metroni wa hospitali ya misheni, Mama. Mpole kama maji ya mtungini! Hakuwahi kuninyanyulia mkono."

"Hata siku moja?"

"Haki ya Mungu."

Mama akachukua rula apige mstari kwenye karatasi yake. Papo hapo mikono ya Selina ikajilaza mezani yenyewe, vidole vimetanuka, kucha juu, zikingoja kukaguliwa.

Mama akaitazama mikono hiyo, akaiweka rula chini taratibu.

"Alikuwa akikupiga kwa ubapa, mwanangu, au kwa ukingo?"