Sketi ya Karakana

Sketi ilikuwa na matundu kumi na moja ya cheche kwenye pindo, na upande mmoja umeungua. Niliitupa mezani kwa mwalimu wa kipaimara, juu ya orodha yake ya majina.

"Binti yangu anachomelea mageti akiwa amevaa hii," nikamwambia, "kwa sababu ulimwambia suruali kwa mwanamke ni dhambi. Jana iliwaka moto mwilini mwake."

"Mama, hayo si maneno yangu. Ni Maandiko."

"Nimeyasoma."

"Kusoma si kuelewa. Ndiyo maana kuna walimu."

"Basi nifundishe. Mstari wako wa mavazi ni wa tano. Teremka hadi wa nane, sura hiyo hiyo: ukijenga nyumba, zungushia paa ukuta, mtu asije akaanguka ukabeba damu yake. Huko hukufika? Ulisinzia?"

Akaisukuma sketi pembeni. "Anayejitafsiria mwenyewe hahitaji kanisa. Kesho binti yako hapati kipaimara." Akafungua kalamu.

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akaingia akichechemea, bendeji imemfika gotini. Miaka miwili alihudhuria mafundisho, hakukosa hata siku moja.

"Mama, hebu nyamaza," akasema. Nikajua anakwenda kuomba radhi.

Akaichukua kalamu mkononi mwa mwalimu, akalitafuta jina lake, akalikata mwenyewe kwa mstari mmoja ulionyooka, kama anavyochora juu ya chuma kabla ya kukikata.

"Ovaroli yangu umeiweka wapi?" akaniuliza.